Hipnosi si limbwata

Siku hizi kila aliyepoteza pesa "kafanyiwa hipnosi". Mtu kakabidhi simu na pochi kwa matapeli stendi: hipnosi. Waumini wameuza kiwanja wakampelekea mchungaji: hipnosi. Hata kijana aliyeoa haraka haraka bila kuwashirikisha wazee wake anasemwa hivyo hivyo, kana kwamba ni jina jipya la limbwata.

Maana ya hipnosi kwa ufupi: ni hali ambayo mtu ameelekeza umakini wake wote kwenye jambo moja, ya pembeni yakafifia, na kwa muda huo akawa mwepesi kuliko kawaida kuitikia maneno ya anayemwongoza. Anaambiwa mkono wake unakuwa mwepesi, naye anauhisi ukiinuka wenyewe. Basi. Hakuna dawa ya kupuliziwa wala jicho la ajabu.

Kinachonikera ni ile imani kwamba nguvu iko kwa anayefanya. Imani hiyo ilienezwa sana na Franz Anton Mesmer, daktari aliyetoka Vienna akahamia Paris mwaka 1778, akidai anaweza kuongoza nguvu isiyoonekana inayopita katika miili ya watu. Wagonjwa walilizunguka pipa, wakashika vyuma vilivyochomoza humo, wakatetemeka, wengine wakazimia. Mwaka 1784 mfalme wa Ufaransa aliunda tume ya kuchunguza, na miongoni mwa wajumbe walikuwemo mwanasayansi wa Marekani Benjamin Franklin na mkemia Antoine Lavoisier. Nyumbani kwa Franklin, huko Passy karibu na Paris, mfuasi wa Mesmer aliutia "nguvu" mti mmoja wa bustanini. Kisha mvulana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupitishwa kwenye miti minne mingine. Kila mti alizidi kulegea. Kwenye wa nne akaanguka, kazimia. Mti wenyewe hakuwa ameufikia.

Tume ikahitimisha kwamba nguvu hiyo haipo, kilichofanya kazi ni mawazo ya mgonjwa. Wengi huisimulia habari hii kama aibu ya Mesmer tu, wakasahau kwamba mvulana alianguka kweli. Kilichomwangusha kilikuwa chake mwenyewe, na hicho ndicho wataalamu wa hipnosi wanachokifanyia kazi mpaka leo.

Imani kwamba hipnosi ni usingizi nayo ina historia yake. James Braid, daktari wa upasuaji Mskoti aliyekuwa akifanya kazi Manchester, alilieneza jina la hipnosi kwa kitabu chake cha mwaka 1843, akilitoa kwenye neno la Kigiriki la usingizi. Baada ya miaka michache akaona kuwa wagonjwa wake wengi hawalali, akataka kulibadilisha. Alichelewa. Aliye katika hipnosi anasikia, kwa kawaida anakumbuka baadaye, na akiamua anafumbua macho na kuondoka zake.

Tena watu hawalingani. Tangu mwaka 1959 kuna vipimo vilivyotengenezwa Chuo Kikuu cha Stanford vya kupima nani anaitikia kiasi gani: wachache huitikia sana, wachache karibu hawaitikii kabisa, walio wengi wako katikati, na mtu alivyo leo huelekea kubaki hivyo kwa miaka mingi. Sasa kama nguvu ni ya mtaalamu, mbona maneno yale yale yanamwinua huyu mkono na yule anabaki akimtazama tu? Matapeli wa stendi wana uongo uliopangwa vizuri, haraka inayokunyima nafasi ya kufikiri, na mara nyingine kinywaji chenye dawa. Hayo ni ya kupelekwa polisi.

Je, hipnosi inamsaidia mtu kubadilika? Kwa baadhi ya mambo, ndiyo. Mwaka 1984 daktari Peter Whorwell na wenzake wa Manchester walionyesha kwamba wagonjwa wa matumbo yanayosokota na kuvurugika mara kwa mara, ambao tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa kuwasaidia, walipata nafuu kubwa kwa hipnosi. Maumivu na hofu ya kabla ya upasuaji navyo hupungua kwa wengi. Sigara ni habari nyingine, ingawa ndiyo inayotangazwa zaidi: mapitio ya tafiti ya mwaka 2019 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakukuta ushahidi wa kutosha kwamba hipnosi inazishinda njia nyingine za kuacha. Na hata inapofaa, kazi kubwa huwa ya mgonjwa. Anafundishwa kujituliza na kujiongoza mwenyewe, kisha anarudia zoezi hilo nyumbani, mara nyingi sambamba na tiba nyingine.

Kwa hiyo jirani akikuambia shemeji yake "kafanyiwa hipnosi akaacha sigara", usimbishie, huenda shemeji kaacha kweli. Mwambie tu kwamba shemeji ndiye aliyeacha, hipnosi ikamsaidia.