Je, wajua kwa nini Winston Link alipiga picha za treni za mvuke usiku?

Baadhi ya picha maarufu kabisa za treni za mvuke nchini Marekani zilipigwa gizani, na giza lenyewe lilitafutwa kwa makusudi. Aliyezipiga ni O. Winston Link, mzaliwa wa Brooklyn, New York, mwaka 1914. Alisomea uhandisi wa ujenzi, kisha akawa mpiga picha za matangazo ya biashara. Januari 1955 alikuwa kikazi Staunton, Virginia, akaenda hadi mji jirani wa Waynesboro kutazama treni za kampuni ya Norfolk and Western zikipita. Haukupita muda akarudi na taa zake.

Norfolk and Western ndiyo iliyokuwa kampuni kubwa ya mwisho ya reli nchini humo kuendelea kutegemea mvuke. Ilijitajirisha kwa kubeba makaa ya mawe, na vichwa vyake vya treni ilivitengeneza yenyewe katika karakana zake za Roanoke, kwa hiyo haikuwa na haraka ya kuvitupa. (Afrika Mashariki nako mvuke ulikuwa bado una nguvu: ni miaka hiyohiyo ya 1955 na 1956 ambapo yale majitu ya vichwa vya treni aina ya Garratt, daraja la 59, yalikuwa yakitengenezwa Manchester, Uingereza, kwa ajili ya reli ya Mombasa.) Lakini dizeli ilikuwa inaingia, na mwaka 1960 Norfolk and Western ikaachana na mvuke. Kati ya mwaka 1955 na 1960 Link alipiga zaidi ya picha 2,000, kwa gharama zake mwenyewe.

Kwa nini basi usiku? Link alieleza kwamba jua hawezi kulisogeza, na reli pia hawezi kuisogeza. Mchana, kichwa cha treni ni chuma cheusi kinachomeza mwanga. Ukiacha filamu ipate mwanga wa kutosha kuonyesha magurudumu na vyuma vinavyoyazungusha, anga inaungua na kuwa nyeupe tupu. Mvuke nao ni mweupe. Weupe juu ya weupe, wingu zima linapotea. Usiku mambo yanageuka. Nyuma ya treni hakuna kitu, ni weusi mtupu, na mwanga ukitupwa kutoka ubavuni kila funda la mvuke linajitokeza, na mafuta yanang'aa kwenye vyuma. Mpiga picha ndiye anayeamua kipi kionekane na kipi kibaki gizani.

Uhuru huo ulikuwa na bei yake. Balbu ya flashi ya zama hizo ilijazwa nyuzi laini za metali na oksijeni. Ikiwashwa inaungua mara moja, basi, unaitupa. Mwanga wake unadhoofika upesi: ukiongeza umbali mara mbili, unaofika ni robo tu. Kwa hiyo treni ndefu, pamoja na nyumba na miti ya pembeni, ilihitaji balbu nyingi zilizopangwa huku na huko, zikiungwa kwa nyaya zilizotandazwa mashambani na kando ya reli. Link na msaidizi wake walifanya kazi hiyo kwa saa nyingi kabla treni haijafika. Alipendelea kuziunga mfululizo, mkondo wa umeme ukipita kutoka balbu moja hadi nyingine. Waya ukikatika popote, hakuna hata moja itakayowaka, ila ubaya huo ndio uliokuwa usalama wake: mkondo mdogo ulitosha kumwonyesha mapema kwamba nyaya zote ziko sawa.

Na nafasi ilikuwa moja. Filamu ya kamera yake ilikuwa kipande cha inchi 4 kwa 5, picha moja kwa kila kipande. Treni inayokwenda kilomita 96 kwa saa hupita karibu mita 27 kila sekunde. Ukichelewa nusu sekunde tu, imekwishavuka pale ulipopapanga. Kama umepata au umekosa, utajua baada ya kusafisha filamu.

Picha inayoonyesha vizuri zaidi akili yake ni ile ya Iaeger, West Virginia, ya Agosti 1956. Ni kwenye uwanja wa sinema ambako watazamaji hukaa ndani ya magari yao. Mbele kuna kijana na msichana katika gari lisilo na paa, kwenye skrini kuna ndege ya kivita, na nyuma treni ya mizigo inapita ikimwaga mvuke. Mwanga wa flashi ulikuwa mkali mno, ukaifuta kabisa picha ya kwenye skrini. Link akapiga skrini peke yake katika negativu nyingine, kisha akaziunganisha katika chumba cha giza cha kusafishia picha. Wapo wanaoona huo ni udanganyifu. Mimi sioni hivyo: ndege ilikuwapo kwenye skrini ile, na treni ilipita kweli, filamu ndiyo iliyoshindwa kubeba vyote viwili kwa mkupuo mmoja.

Mwaka 2004 jumba la makumbusho ya kazi zake lilifunguliwa Roanoke, ndani ya stesheni ya zamani ya abiria ya Norfolk and Western. Kichwa cha treni ya mvuke namba 611, kilichotoka karakana za mji huo mwaka 1950, kilifufuliwa na kurudi relini mwaka 2015, na wapiga picha wamekuwa wakikutana usiku kukipiga kwa taa za kupanga, kama alivyofanya Link.