Hati Kupotea Si Nyumba Kupotea

"Wakili, hati imeliwa na mchwa, nyumba ndiyo basi tena." Maneno haya nayasikia kwa wateja wa hapa Dodoma, wa Chang'ombe, wa Nkuhungu, wa Area C, na yananiuma kwa sababu anayeyasema mara nyingi ameshampa dalali hela ya "kumtengenezea nyingine".

Wazazi wangu, karatasi mnayoifungia kwenye sanduku la bati chini ya kitanda ni nakala ya mmiliki. Nyingine hubaki kwa Msajili wa Hati, na miliki yenyewe imeandikwa kwenye daftari lake: jina lako, namba ya hati, kiwanja na kitalu, muda wa miliki, rehani au zuio kama lipo. Mchwa hawafiki huko.

Ukitaka kujua daftari linasemaje, omba upekuzi. Kila mkoa sasa una ofisi yake ya ardhi. Jaza fomu, lipa ada, utapata majibu ya maandishi. Ukitaka hati mpya, anza polisi upate taarifa ya upotevu, kisha kula kiapo kinachoeleza ilivyopotea, upeleke maombi kwa Msajili. Atatangaza kwenye Gazeti la Serikali na kutoa mwezi mmoja kwa mwenye pingamizi. Watu hukasirikia sana mwezi huu, nami huwaambia wautulie, kwa sababu ndio unaomzuia shemeji aliyeweka hati rehani kimyakimya asiibuke siku moja kudai "imepotea". Kama mchwa wamebakiza vipande, usivitupe, vipeleke vilivyo. Na kama mwenye jina amefariki, anayeomba ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kuwa mtoto wa kwanza hakutoshi.

Ile ya dalali ni karatasi ya kughushi. Wakili wa benki huanza na upekuzi, na hapo hapo karatasi hiyo inakataliwa.

Wapo wanaosema CDA, ile Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu iliyokuwa ikigawa viwanja Dodoma, ilivunjwa na mafaili yake yakafa. Hapana. CDA ilivunjwa Mei 2017, na majukumu yake yakahamia manispaa, ambayo tangu 2018 ni Jiji la Dodoma. Lakini kama bado unashikilia mkataba wa CDA wa miaka 33, huo si hati miliki. Nenda ofisi ya ardhi uulizie kuubadilisha.

Kukatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, utaratibu ulioanza 2021, hakuthibitishi umiliki. Anakatwa anayenunua umeme, hata mpangaji. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa nao unasaidia kuonyesha kwamba mliuziana, ila haubadilishi jina kwa Msajili.

Ushauri wangu ambao wateja hunisikia nikiurudia: leo, kabla hujalala, nakili namba ya hati, ya kiwanja na kitalu mahali pawili tofauti. Bila namba hizo, kutafuta faili ni mateso.

La mwisho ni la waliokopa. Deni likiisha, usiridhike na kurudishiwa hati tu. Dai na fomu ya kufuta rehani iliyosainiwa na benki, uipeleke kwa Msajili isajiliwe. Usipofanya hivyo, kila upekuzi utaendelea kuonyesha kwamba nyumba ina deni ulilokwisha kulilipa.