Je, wajua kwa nini kuna pomboo hawapigi mluzi kabisa?

Pomboo tunamjua kwa miluzi, na kwa hawa wanaozunguka Kizimkazi kule Unguja ni kweli kabisa, hawanyamazi. Ila New Zealand kuna pomboo wadogo wanaitwa wa Hector, hao wana vidoko tu, mluzi hawana. Sasa imekuwaje?

Kwanza ujue sauti inatokea wapi. Pomboo anasukuma hewa kwenye vijinyama vilivyo chini ya lile tundu la kupumulia kichwani, vinatetemeka, basi kidoko kinatoka. Kinapita kwenye bonge la mafuta kwenye paji la uso linaloielekeza sauti mbele, kikimgonga samaki mwangwi unarudi, na pomboo anaupokea kwa taya la chini, maana nalo lina mafuta yanayoifikisha sauti sikioni. Samaki akiwa mbali vidoko vinaachana achana, akikaribia vinaongezeka spidi tik-tik-tiktiktik mpaka vinaungana bzzzz, hapo samaki kwisha habari yake, hata kama ni usiku wa giza totoro.

Mluzi sasa ni wa kuitana. Mtoto wa pomboo anajitungia mluzi wake ndani ya mwaka wa kwanza hivi, na wenzake wanamjua kwa huo. Mwaka 2013 watafiti kule Scotland walimchezea pomboo mluzi wake kwenye spika ya majini, akajibu, wakicheza wa mgeni hajali. Na utafiti wa Sarasota, Florida, uliotoka 2023 ukaonyesha mama akiwa na mtoto anaupandisha mluzi wake juu zaidi, kama sisi tunavyobembeleza vichanga. Ndo maana naumia nikiona boti za watalii zinawazonga na mainjini yanaunguruma, mama ataitaje mtoto asikie?

Tatizo la mluzi ni kwamba unafika mbali na kila mwenye sikio anausikia, akiwemo orka, ambaye naye ni pomboo, mkubwa kuliko wote, na anakula wenzake. Orka anasikia sauti nyembamba mpaka kilohezi 100 hivi (ndo kipimo cha wembamba wa sauti), sisi binadamu tunaishia 20. Vidoko vya wa Hector viko kwenye 125, na wanasayansi wengi wanaona ndo kinga yao hiyo, wanaongea juu ya masikio ya adui.

Na orka mwenyewe anajua kunyamaza. Pwani ya magharibi ya Canada kuna orka wanaokula samoni, hao wanapiga kelele muda wote wa kuwinda kwa sababu samoni hasikii sauti za juu hivyo. Wale wanaokula sili, bahari hiyohiyo, wanawinda kimyakimya maana sili ana masikio makali, wanamnyatia tu kwa kusikiliza, na wakishamuua ndo utawasikia wanaanza kuongea.