Je, wajua kozi mmoja, ndege wa kuwindia, aliwashaje vita vya Amritsar?

Mwaka 1634, karibu na mji wa Amritsar huko Punjab, Bara Hindi, kozi wa kuwindia aliwaponyoka wenyewe. Alikuwa ndege wa Shah Jahan, mfalme wa dola ya Mughal, yuleyule ambaye mafundi wake wakati huo walikuwa wakijenga Taj Mahal. Kwa masimulizi ya Masingasinga (huku kwetu tumezoea kuwaita Makalasinga), ndege aliangukia mikononi mwao, kwani nao walikuwa mawindoni. Watumishi wa mfalme wakamdai kwa ukali. Wakanyimwa, ngumi zikarushwa, na punde Mukhlis Khan, kamanda wa mfalme, akatumwa akiwa na jeshi.

Jeshi zima kwa ndege mmoja? Kuwinda kwa kozi enzi zile ilikuwa starehe ya wafalme, na hapo ndipo penye kidonda. Guru Hargobind, kiongozi wa Masingasinga, alikuwa na farasi, wapiga bunduki na baraza lililoitwa Akal Takht, yaani Kiti cha Enzi cha Yule wa Milele. Wafuasi wake walimwita Sacha Padshah, mfalme wa kweli. Kama yeye ndiye wa kweli, yule mwingine ni nani?

Chuki ilikuwa ya zamani. Baba yake Hargobind, Guru Arjan, aliuawa Lahore mwaka 1606 kwa amri ya Jahangir, babake Shah Jahan. Hargobind, mtoto wa miaka 11 hivi, alirithi uongozi akajifunga panga mbili: miri, mamlaka ya dunia, na piri, mamlaka ya roho. Badala ya sadaka za fedha tu, akataka aletewe silaha na farasi.

Jeshi lilipofika, nyumba ya guru ilikuwa kwenye pilikapilika za arusi ya bintiye, Bibi Viro. Familia ikatoroshwa usiku hadi kijiji cha Jhabal. Inasimuliwa kwamba askari walikuta nyumba tupu, wakajishindilia vitamutamu vya arusi. Mapigano yalipokolea, Mukhlis Khan aliuawa na jeshi lake likarudi nyuma.

Hata hivyo, guru hakujidanganya kwamba yamekwisha. Alihamia Kartarpur, akapigana tena, kisha akapanda kwenye vilima vya Kiratpur, alikofariki mwaka 1644. Bibi Viro naye aliozwa hukohuko Jhabal.