Je, wajua? Namba za mistari kwenye Biblia yako ziliwekwa na mchapaji wa vitabu

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kunitajia namba ya mstari hata siku moja. Akitaka nimsomee alikuwa anasema "nisomee pale Paulo yuko jela anashukuru", au "pale yule mjane na chupa ya mafuta", na mimi mtoto wa Sandei skuli niliyezoea kupewa pipi kwa kukariri Yohana 3:16 nilikuwa namwona kama hajui Biblia vizuri. Miaka imepita ndio nagundua kumbe bibi alikuwa anasoma kama watu wa zamani walivyosoma, na mimi na namba zangu ndio wa juzi juzi.

Maana hizi namba hazikuwepo. Paulo hakuandika "4:13", aliandika barua, kama vile wewe ulivyowahi kumwandikia mtu barua (kama umri unakuruhusu kukumbuka barua). Isaya hakuwa na sura 66. Lile gombo la Isaya lililopatikana kwenye mapango ya Qumran, kando ya Bahari ya Chumvi, mwaka 1947 lina urefu wa zaidi ya mita 7, ni ngozi zimeshonwa pamoja, maandishi yanaenda tu, nafasi kidogo hapa na pale na hakuna namba hata moja. Sasa piga picha Luka 4, Yesu anapewa chuo (yaani gombo) cha Isaya pale sinagogi ya Nazareti, anakifungua mpaka anapata mahali anapopataka. Bila namba. Ilibidi uwe unakijua kitabu chenyewe kinavyokwenda.

Ndio maana ukiangalia, wenyewe ndani ya Biblia walikuwa wanataja maandiko kama bibi yangu. Kwenye Marko 12 Yesu akitaka kuwajibu Masadukayo anawaelekeza kwenye kitabu cha Musa, pale kwenye habari za kile kijiti, basi, wanaelewana. Na mwandishi wa Waebrania ndio kabisa, sura ya 2 anasema "mtu mmoja ameshuhudia mahali fulani", halafu anaendelea na Zaburi ya 8 kama kawaida. Mahali fulani! Leo ukisema hivyo kwenye kipindi cha maandiko watu watakuangalia.

Sura zimetoka wapi? Jina linalotajwa sana ni Stephen Langton, mwalimu wa theolojia pale Paris, mwanzoni mwa miaka ya 1200. Baadaye akawa Askofu Mkuu wa Canterbury kule Uingereza, na ni huyo huyo alikuwepo kwenye mambo ya Magna Carta, ile hati ya kumwekea mfalme mipaka, mwaka 1215. Shida yake ilikuwa ya kialimu tu. Fikiria una darasa la wanafunzi, kila mmoja kaja na nakala yake iliyonakiliwa kwa mkono na imegawanywa kivyake, unawaambia fungueni pale pale na kila mtu anafungua kwake. Mgawanyo wa sura ndio ukatatua hilo, ukasambaa. Kidogo baadaye, miaka ya 1230, watawa Wadominikani hapo hapo Paris chini ya Hugh wa Saint-Cher walitengeneza itifaki, yaani ile orodha ya maneno inayokuonyesha kila neno liko wapi, na kwa kuwa mistari haikuwa na namba bado wakawa wanaigawa kila sura vipande kwa herufi, A mpaka G. Kwa hiyo mtu alikuwa anaambiwa neno liko sura fulani, kipande D, katafute mwenyewe.

Wayahudi kwa upande wao walikuwa na alama za mwisho wa mstari siku nyingi, za kuwasaidia wasomaji wa sinagogi, ila namba hapana.

Namba tunazozijua kwenye Agano Jipya zimewekwa na Robert Estienne, Mfaransa, kazi yake kuchapa vitabu. Si nabii, si askofu, mchapaji! Alikuwa Paris, akakwaruzana na wanatheolojia wa pale kwa sababu ya Biblia alizokuwa anachapa, akahamia Geneva, na mwaka 1551 akatoa Agano Jipya la Kigiriki katikati, na tafsiri mbili za Kilatini pembeni, kulia na kushoto. Sasa ukiwa na maandishi matatu yamesimama pamoja kwenye ukurasa mmoja unahitaji kitu cha kumsaidia msomaji aone huu hapa unalingana na ule pale, na pia alikuwa na mpango wa itifaki ya Kigiriki. Namba zikaingia. Mwanae Henri alikuja kusimulia kwamba mzee aliifanya hiyo kazi akiwa safarini kati ya Paris na Lyon, wakati wa kupanda farasi, na tangu hapo watu wanatania kwamba pale ambapo mstari umekatwa vibaya ujue farasi alikanyaga shimo. Wengine wanasema alikuwa anafanya akipumzika kwenye nyumba za wageni. Mimi nikiangalia kazi nyingine naiunga mkono ile ya farasi.

Mwaka 1560 Biblia ya Kiingereza ya Geneva ikatoka na namba kitabu kizima, na kila mstari ukaanza mstari mpya kama aya inayojitegemea. Hapa kwangu ndio mambo yalipobadilika. Namba peke yake ni kama namba ya nyumba, haikudhuru. Ila ukishaikata barua vipande vipande na kila kipande ukakipa mstari wake, jicho linaanza kuona methali. Ukurasa mzima wa methali. Na methali unaweza kuibeba ukaenda nayo popote, kwenye kalenda ya ukutani, kwenye kioo cha daladala, kwenye stetasi, kwenye notifikesheni ya saa kumi na mbili asubuhi.

Mfano ambao kila mtu anaujua, Yeremia 29:11, "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema BWANA, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya, kuwapa ninyi tumaini siku zenu za mwisho." Mwaka niliokuwa nasambaza sivii mji mzima niliuandika huo mstari kwenye karatasi nikaubandika juu ya swichi ya taa, nikawa naugusa kabla ya kwenda intavyuu. Intavyuu tatu, zote hola, na mimi nimekasirika na Mungu kama amevunja mkataba. Sikuwa nimesoma mstari wa 10! Mstari wa 10 unasema miaka sabini ya Babeli itimie kwanza ndio Mungu awajilie. Sabini. Wengi waliosomewa ile barua ni watu wazima tayari, wangekufa hukohuko Babeli. Na ukirudi sura ya 28 kuna nabii anaitwa Hanania amewaahidi watu miaka miwili tu na mambo yatakuwa safi, umati unapenda, na anafariki mwaka uleule. Kwa hiyo Yeremia anawaandikia watu ambao wameshaambiwa maneno matamu, anawaambia jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, ombeeni amani mji huohuo mliochukuliwa mateka, mtakaa sana. Halafu NDIPO linakuja neno la mawazo ya amani. Ukilisoma hivyo halikutii moyo kidogo, linakutia zaidi, ila si kuhusu intavyuu ya Jumatano. Linasema kitu kwa mtu aliyekwama mahali asipopapenda na anaambiwa anze kuishi hapo hapo, na mimi mwaka ule hilo ndio nililihitaji aisee, kuliko hata hiyo kazi, badala yake nikawa nasugua swichi.

Na tazama hilo "ninyi". Sisi wa Kiswahili tuna bahati ambayo hatuijui. Kiingereza cha leo kina neno moja tu kwa mtu mmoja na kwa watu elfu, kwa hiyo msomaji wao anaona kila kitu kinamhusu yeye na kikombe chake cha kahawa. Sisi tunaona wewe na ninyi vimetengana kabisa, kama kwenye lugha za asili za Biblia. Chukua Luka 22, Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani "amewataka ninyi apate kuwapepeta", wengi, mitume wote, "lakini nimekuombea wewe ili imani yako isitindike", mmoja. Kisha anamwambia akishaongoka awaimarishe ndugu zake. Yaani kundi zima liko kwenye ungo, mmoja anaombewa kwa ajili ya wengine. Hiyo yote iko kwenye viambishi tu, wa- na ku-, na tunapita juu yake kila siku.

Kuna mikato mingine ya ajabu. Mwanzo sura ya 1 inaishia siku ya sita, siku ya saba ya mapumziko ikatupwa sura ya 2, kwa hiyo anayesoma sura moja kwa siku anaikosa Sabato mpaka kesho yake. Au ile ya Waefeso 5:22, "Enyi wake, watiini waume zenu", ambayo wanaume wengi wanaikumbuka kuliko besdei ya mke. Mstari wa 21 juu yake unasema "hali mnanyenyekeana katika kicho cha Kristo", kunyenyekeana, kila mtu na mwenzake, na kwenye nakala za zamani kabisa za Kigiriki ule wa 22 hauna hata kitenzi chake, unaazima kutoka huo wa 21. Huwezi kuukata bila kuuvunja. Ila kwenye Biblia nyingi wameweka hadi kichwa cha habari katikati, basi ndoa za watu zikapata shida.

Sasa mtu atauliza tufanyeje, tufute namba? Hapana jamani, tutapataje pa kufungua kanisani. Mimi nilichofanya ni kitu cha kijinga kidogo. Nilinunua kaunta buku na kalamu, nikaamua kunakili Wafilipi yote bila namba, bila vichwa vya habari, moja kwa moja kama barua. Sura nne, mistari 104, kuisoma kwa sauti ni kama robo saa hivi, kuinakili ilinichukua jioni tano. Mkono ukiwa unaandika haukuruhusu kuruka unapopapenda.

Jioni ya tano nikafika sura ya 4. Pale ndipo kuna mstari ninaoupenda kuliko yote, "Msijisumbue kwa neno lo lote", nilikuwa nimeuweka kwenye stetasi wiki hiyohiyo. Ila nikiwa naandika likaja kwanza hili: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana." Wanawake wawili wa kanisani wamegombana, tena watu wa maana walioshindania Injili pamoja na Paulo. Halafu Paulo anamgeukia mtu wa tatu, hamtaji jina, anamwita "mjoli wa kweli", mtumishi mwenzake, anamwambia awasaidie wanawake hao. Halafu bila hata kupumua: furahini, upole wenu ujulikane na watu wote, msijisumbue. Nikaweka kalamu chini.

Kwa sababu kwenye kwaya yetu kulikuwa na wamama wawili hawasalimiani tangu mwezi uliopita, kisa hela ya vitenge vya sare. Mmoja mhazini, mwingine anadai alitoa ya watu watatu na imeandikwa ya wawili. Grupu la WhatsApp limekuwa kimya, watu wanatuma maandiko tu ya mafumbo, nadhani unajua ile hali. Na mwenye kiti alikuwa amenipigia mara mbili nisaidie kuongea nao kwa kuwa wote wananiheshimu, mimi sikupokea, nikaenda kuweka "Msijisumbue" kwenye stetasi na picha ya machweo.

Ule mstari nilikuwa nautumia kukwepa palepale ulipokuwa unanituma. Paulo hasemi msijisumbue ili tukae mbali na Euodia. Na hata ule mwingine maarufu wa hapo chini, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", ukiuandika baada ya wenzake unakuta yote yenyewe yameshatajwa mstari wa juu, kushiba na kuona njaa, kuwa na vingi na kupungukiwa. Mfungwa anashukuru kwa msaada uliofika. Bibi alikuwa sahihi, "pale Paulo yuko jela anashukuru", ndio kichwa cha habari kizuri kuliko vyote nilivyowahi kuviona pale.

Kesho yake nikampigia mwenye kiti. Nikaenda kwa mhazini jioni, shikamoo mama, marahaba, chai, nusu saa ya habari za watoto, mpaka mwenyewe akatoa daftari lake la michango. Tukapitia jina kwa jina na kidole. Lilikuwa pale, jina la tatu, limeandikwa pembeni kwa penseli halikujumlishwa. Akakaa kimya muda mrefu, akasema ataongea, ila si leo.

Barua ya Wafilipi haisemi kama Euodia na Sintike walipatana. Hawa wa kwetu bado hawakai benchi moja, ila Jumapili iliyopita wote walivaa kitenge.