"Hata Ferguson Alipewa Muda": Dhana Zinazonichosha Darasani

Kwenye kozi za makocha hakosekani mwenye hoja hii: "Mkufunzi, hata Ferguson alikaa miaka mitatu na nusu bila kombe. Na sisi tupewe muda." Anamsema Alex Ferguson, aliyekuwa kocha wa Manchester United ya England. Mara nyingi msemaji ni yule ambaye timu yake inaburuza mkia, na ukimwomba programu ya mazoezi ya wiki iliyopita anaanza kutafuta kalamu.

Jamani, Ferguson hakukaa akasubiri kombe lije. Kwanza, hakuokotwa. Alipotua Manchester United Novemba 1986 kumrithi Ron Atkinson, alikuwa ameshaipa Aberdeen ubingwa wa Scotland mara tatu mbele ya pua za vigogo wa huko, Celtic na Rangers, na mwaka 1983 aliifunga Real Madrid 2-1 kule Gothenburg kwenye fainali ya Kombe la Washindi la Ulaya. Muda huo aliununua kwa rekodi. Wewe rekodi yako iko wapi?

Halafu tazameni alichokifanya ndani ya miaka hiyo. Aliikuta timu nafasi ya pili kutoka mkiani. Mwaka 1989 aliwauza Paul McGrath na Norman Whiteside, vipenzi vya mashabiki, kwa kuwa majeraha yaliwaandama na yeye alishachoshwa na utamaduni wa pombe kikosini. Aliongeza wasaka vipaji, maana mahasimu wao Manchester City walikuwa wanamzidi kuokota watoto wa mji uleule. Novemba 1987 alikwenda mwenyewe kupiga hodi nyumbani kwa mtoto aliyekuwa akinolewa na City, siku aliyotimiza miaka 14, ili asaini United. Mtoto huyo ni Ryan Giggs. Kocha mkuu wa klabu kubwa, sebuleni kwa watu, anaongea na mama wa mtoto! Ninyi hata UMITASHUMTA, michezo ya shule za msingi, ikichezwa kata ya jirani hamwendi.

Ndiyo, msimu wa 1989/90 ulikuwa mchungu: City waliwatandika 5-1, na ligi waliimaliza wakiwa wa 13. Hapo ndipo hutajwa bao la mshambuliaji wa United, Mark Robins, dhidi ya Nottingham Forest, Januari 1990, eti ndilo lililomwokoa asitimuliwe. Mwenyekiti wa wakati ule, Martin Edwards, amekanusha zaidi ya mara moja. Viongozi walikuwa wanaiona kazi ya timu za vijana ambayo jukwaa halikuiona. Kombe la FA lililopatikana Mei, baada ya fainali na Crystal Palace kurudiwa, liliwanyamazisha mashabiki tu.

Dhana nyingine: alifundisha kila kitu mwenyewe. Hapana. Tangu Aberdeen, msaidizi wake alipomhoji "mimi umeniajiri kwa kazi gani?", Ferguson aliacha kuendesha mazoezi akawa anatazama. Archie Knox, Brian Kidd, Steve McClaren na Carlos Queiroz ndio walioshika filimbi. Hili nalisisitiza kila kozi na sitaacha: koni za mazoezi mwachieni msaidizi. Ukiwa katikati ya zoezi huwezi kumwona beki anayeficha maumivu ya nyonga, wala kiungo aliyekuja na uso wa msiba. Mwaka 2013 mrithi wa Ferguson, David Moyes, alikuja na wasaidizi wake mwenyewe; wale wa Ferguson, akina Mike Phelan na René Meulensteen, wakaondoka. Mkataba wa Moyes wa miaka sita uliishia Aprili 2014.

Kwamba Ferguson alibebwa na watoto wa 1992, yaani kizazi cha akina Giggs kilichotoka timu ya vijana ya United? Kikosi cha ubingwa wa 1996 kilikuwa na wakongwe Schmeichel, Bruce, Pallister, Irwin, Keane na Cantona. Watoto walikuta wakubwa wa kuwashika mkono.

Na hili la marefa kumwongezea Ferguson dakika mwisho wa mechi. Mechi inayotajwa sana ni ya Sheffield Wednesday, 10 Aprili 1993, beki wa United Steve Bruce alipofunga vichwa viwili dakika za lala salama. Wasimuliaji hawasemi kwamba kipindi cha pili refa aliumia, mchezo ukasimama, mshika kibendera akachukua filimbi. Sasa dakika hizo mlitaka zifidiwe lini, Jumatatu?