Kunguru hajawahi kumeza antibayotiki, sasa bakteria wake wameutoa wapi usugu, yaani uwezo wa kutokufa kwa dawa?

Nafanya kazi kwenye maabara ya bakteria na siku hizi sampuli nyingi zinazofika mezani kwangu ni kinyesi cha ndege wa mjini, kunguru, njiwa, shakwe, bata mwitu. Kipimo chenyewe ni rahisi tu. Unaotesha E. koli, bakteria wa utumbo, waliotoka kwa ndege, unawapaka sahani nzima, alafu juu yake unapanga vikaratasi vya duara vidogo kama vifungo vya shati, kila kimoja kimelowekwa dawa yake. Kesho yake unafungua. Dawa ikiwa inafanya kazi utaona duara safi limezunguka kikaratasi, bakteria wamekomea mbali. Ila kuna sahani unafungua unakuta wameota mpaka wamegusa ukingo wa kikaratasi kana kwamba hapo hamna kitu, na ukisoma jina la dawa ni sefotaksimu, ndugu yake seftriaksoni, yaani ile sindano anayochomwa mgonjwa aliyezidiwa! Mimi mpaka leo sahani kama hiyo inaninyima raha.

Ndege huyo hajaandikiwa dozi na mtu yeyote. Kaokota kwetu. Sisi na mifugo wetu tukimeza antibayotiki, bakteria dhaifu wanakufa tumboni, sugu wanabaki wanazaana, wanatoka na choo wanaingia kwenye majitaka, na sehemu ya dawa yenyewe inatoka na mkojo bado ina nguvu. Shakwe anakunywa hapo, kunguru anachambua dampo, jioni wanarudi kulala juu ya mapaa na kando ya mabwawa ya maji.

Alafu kuna plasmidi, na hapa ndo penye uzito wote. Ni kipande kidogo cha DNA cha mviringo ambacho bakteria mmoja anaweza kumpa jirani yake, hata kama sio wa jamii moja, na kipande kimoja kinaweza kubeba usugu wa dawa tatu nne kwa mpigo. Kwa hiyo utumbo wa ndege sio mfuko tu wa kusafirishia, humo ndani usugu unagawanwa.

Na wanafika mbali kweli. Mwaka 2008 watafiti walichapisha kwamba wamekuta E. koli sugu kwa ndege wa Aktiki, kule kwenye barafu ya kaskazini mwa dunia, kusiko na hospitali wala mashamba ya kuku. Mwaka 2015 jeni ya mcr-1, inayoishinda kolistini ambayo ni dawa ya mwisho mwisho kabisa, ikatangazwa China, na mwaka uliofuata tu ikaripotiwa kwa shakwe wa Lithuania na wa Argentina.

Kila nikieleza haya kuna mtu ananiuliza, si tuwawekee sumu tu? Hapana jamani. Ukiua kunguru wa dampo wanakuja wengine maana chakula kipo palepale, na majitaka ya hospitali yanaendelea kutiririka bila kusafishwa. Ndege anatuonyesha uchafu wetu umefika wapi, na mimi namhitaji akiwa hai.

Kinyesi kikikauka pale dirishani usikifagie kikavu ukavuta vumbi lake, kiloweshe kwanza, vaa glavu, nawa kwa sabuni. Na kama una tangi la maji juu ya paa nenda kaangalie mfuniko, manake hapo ndo wanapotua.